Vidonge Visivyo na Jina

Généreuse alikuwa anashona mkono wa pili wa libaya, blauzi ya kitenge, alipotambua kwamba Igihozo hajaomba ziwa tangu alfajiri. Mtoto alilala chini ya meza ya cherehani, midomo wazi. Mtaa wa Birere ulikuwa na kelele zake zote, honi za pikipiki na spika za wauza simu, lakini mtoto hakushtuka. Mama yake akamtekenya nyayo. Mtoto akafungua jicho moja, akalifunga.

Libaya la mteja likabaki sindanoni. Généreuse akambeba mtoto, akapanda pikipiki mpaka kituo cha afya.

Muuguzi Sidonie akamvua mtoto, akasikiliza kifua chake.

"Ulimupa dawa?"

"Hapana, mama. Ni mimi njo ninakunywa. Ya kulala. Tangu vita iingie, macho inakataa. Mulango ikigonga tu, ninaruka na mutoto mukononi."

"Dawa ya kulala inapita mu maziwa. Ingine haina shida sana. Ingine inalegeza mutoto mpaka kupumua inamushinda. Yako ni gani?"

Généreuse akafungua kikaratasi. Vidonge vyeupe, bila herufi hata moja.

"Mutoto anabaki hapa, tunamuchunga. Wewe tafuta jina. Na usimunyonyeshe mbele ya kujua."

Akaondoka, maziwa yakimlowesha blauzi.

Zéphirin, aliyemuuzia vidonge, alikuwa ndani ya farmasi yake ya mbao.

"Ni ya kulala tu, mama. Batu bote banakunywa hii."

"Nilikuambia ninanyonyesha."

"Ulisema unataka kulala."

Alikuwa amesema yote mawili. Zéphirin alisikia lile lililomfaa.

Nyuma yao mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa anangoja zamu. Généreuse akamgeukia.

"Mama, usinunue hapa. Mutoto wangu haamuke."

Mwanamke akarudisha mkono mfukoni. Wapita njia wawili wakasimama kusikiliza. Zéphirin akawatazama, akapekua chini ya meza, akamtupia boksi tupu lenye jina la dawa.

"Chukua. Toka."

Kituoni, Sidonie akalisoma boksi, akampigia daktari simu, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Iko kati ya zile za nguvu. Mutoto atakunywa maziwa ingine kwanza. Na wewe usiiache kwa gafula, umeizoea. Utaipunguza na daktari, polepole."

"Na mimi nitalala namna gani?"

Muuguzi akaweka simu mfukoni.

"Kulikuwaka mutu wa kuongea na ba mama wenye hawalale. Projet yenye ilikuwa inamulipa ilifunga, ofisi yake iko na kufuli." Akakunja stetoskopu. "Hata mimi silale."

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Igihozo alipokunja uso. Akalia, kwanza kwa sauti nyembamba, kisha kwa hasira, miguu ikipiga hewa.

"Mama, munyamazishe," akasema mgonjwa wa kitanda cha pili. "Kichwa inaniuma."

"Pole, mama," Généreuse akasema. "Muache alie."