Chumba cha Tisa

Kiraka, mwandishi wa programu, alikuwa ameshafika katikati ya ngazi za ofisi, sanduku la vitu vyake mikononi, anahamia makao makuu, alipokutana na mama fundi cherehani akipanda na daftari la vipimo kwapani. Duka la mama huyo lilishiriki ukuta mmoja na chumba cha kompyuta cha ofisi.

"Mwanangu, sifuri zenu zimefika kwa mtoto wangu."

Kiraka aliweka sanduku chini. Kila siku saa kumi jioni, jaribio la kiini cha mfumo endeshi, programu inayoongoza kompyuta nzima, lilipoendeshwa upande wa pili wa ukuta, kipimo kimoja daftarini kiligeuka sifuri. Mtaa mzima ulijua. Mteja mmoja, kiuno chake kiliposomeka sifuri, alikuja kuchukua gauni lisilo na kiuno, likamkaa kama kazaliwa nalo.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa wa mwana wa fundi mwenyewe, aliyekwenda mbali kutafuta maisha. Kila mwaka humshonea shati. Mikono: sifuri. Kifua: arobaini.

"Leo ni zamu ya kifua," mama alisema.

"Niliripoti tangu mwaka juzi, mama. Bosi akasema ni msimbo wa majaribio tu, haumfikii mteja."

"Mwambie mimi si mteja. Ni jirani."

Ilikuwa saa tisa na nusu. Kiraka alirudi juu. Bosi alikuwa bado anamalizia keki ya kumuaga.

"Bado unahangaika na majaribio? Achana nayo, kaka. Huko uendako kuna kazi za watu wazima."

Kiraka aliketi, akaufungua msimbo wa jaribio. Jaribio liliomba vyumba vinane vya kumbukumbu ya kompyuta, kisha likajaza sifuri kuanzia chumba namba sifuri mpaka namba nane. Hesabu kwa vidole: ni vyumba tisa, na cha tisa ni cha watu. Msimbo huo aliuandika yeye mwenyewe, wiki yake ya kwanza kazini. Akafuta alama moja ya usawa, hesabu ikaishia namba saba. Saa kumi jaribio likapita, na kifua kikabaki arobaini.

Kiraka yuko makao makuu, hajambo. Bosi aliifunga taarifa ya kosa hilo, penye madhara akaandika "hakuna", na mwaka uliofuata akapandishwa cheo. Mama alishona shati la kifua arobaini, lisilo na mikono, akalituma. Jibu lilikuja, si kwa mwandiko wa mwanawe kama zamani, bali wa mpangaji mwenzake: shati limemkaa sawasawa, mama asiwe na wasiwasi.