Watu Huru Wafike Saa Mbili Kamili

Watu huru waliamriwa kufika saa mbili kamili asubuhi, wamevaa fulana za kijani, na asiyefika afungiwe akaunti. Ndivyo kampuni ya Kimbiza, inayosambaza vyakula kwa bodaboda mjini Dodoma, ilivyowaalika madereva wake wakaiambie kamati ya wabunge kwamba wao hawana bosi.

Matonya alifika saa moja na nusu, kwa magongo. Mguu ulivunjikia mtaa wa Makole, akipeleka chipsi kuku za mteja. Chipsi zilifika. Kampuni ilimtumia pole, ikamkumbusha kuwa yeye ni mshirika huru, na mshirika hana fidia. Alipokwenda kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi, akaambiwa alete kitu kimoja tu: ushahidi wa maandishi kwamba ana mwajiri.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mwenye shukrani. Kimbiza ndiyo iliyolipia mahema, muziki na mafuta ya kampeni zake, hata kofia aliyoombea kura.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, kijana. Sema bila woga: una bosi?"

Matonya akageuka kumtazama Anitha, afisa wa kampuni, aliyekaa nyuma na daftari la mahudhurio.

"Sina, mheshimiwa. Ndivyo tulivyoagizwa tuseme."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Nani kakuagiza?"

"Dada Anitha, yule pale. Kasema asiyekuja anafungiwa."

"Mwongo!" Anitha akasimama. "Nilisema siku tatu tu!"

"Tatu za huruma hizo, dada," akadakia Hashimu, dereva mwenzake Matonya. "Mimi mwezi jana ulinilambisha saba!"

Mwenyekiti akagonga meza, akawashukuru wote kwa maoni yao mazuri, akaahirisha mjadala hadi tarehe itakayotangazwa. Fadhila hazisahauliki.

Getini simu ya Matonya ikalia. Ujumbe wa kampuni: *Mshirika wetu mpendwa, umefungiwa kwa kumdharau msimamizi wako ukiwa kazini.*

Hashimu akausoma begani kwake. "Pole, ndugu yangu. Wamekumaliza."

"Msimamizi wako," Matonya akarudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Ukiwa kazini."

Akampa Hashimu magongo, akajipandisha kwa shida nyuma ya pikipiki ya mwenzake huyo.

"Nipeleke kwenye duka la kuchapa karatasi, halafu kwa msuluhishi. Kimbia, kabla hawajasoma walichoandika."