Kiapo cha Mahali pa Kuzaliwa

Mzee Aziz aliishika kalamu ya wakili kama aliyeshikishwa kaa la moto. Karatasi iliyokuwa mbele yake ilikuwa na mistari minne tu: kwamba yeye, Aziz bin Hamis, anaapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa binti yake Naila alizaliwa Tunduma.

Naila hakuzaliwa Tunduma. Miaka ishirini na minne iliyopita lori lilipinduka likaziba barabara ya kwenda hospitali ya Vwawa, na uchungu wa mkewe, Mwanamvita, haukungoja. Wakavuka mpaka kwa miguu, mtoto akazaliwa katika zahanati moja ya Nakonde, upande wa Zambia. Jioni walikuwa wamekwisharudi nyumbani.

"Sahihi tu, mzee wangu," alisema wakili Gasper huku akicheka. "Mji huu kuku hutaga Zambia, yai likakaangwa Tanzania. Nani atauliza?"

"Aulizaye yupo," alijibu Mzee Aziz, wala hakucheka.

Naila aliinama sikioni mwake. "Baba, China wanalipa kila kitu: ada, malazi, hata nauli. Ila bila kiapo hiki sipati pasipoti, na bila pasipoti ombi la masomo halipokelewi. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa. Leo ni Jumanne."

"Na tukisema kweli?"

"Clever alisema kweli, baba."

Clever alikuwa jirani yao. Alipokiri kuzaliwa ng'ambo, alihojiwa uraia wake kwa miezi minane, na nafasi yake ya masomo akapewa mwingine. Sasa anapakia mahindi kwenye malori.

Kwa miaka thelathini Mzee Aziz alikuwa amewafundisha watoto wa madrasa kwamba kiapo cha uongo humzamisha mwenye kuapa. Alimtazama binti yake, akaziona shahada na vyeti alivyovibana kifuani. Kisha akatia sahihi. Herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

Asubuhi iliyofuata walikaa mbele ya afisa wa pasipoti, mama wa makamo aliyesoma kila ukurasa kwa kidole. Feni iliwapepea, lakini jasho lilimtiririka Mzee Aziz shingoni hadi kwenye kola ya kanzu.

"Binti, ulizaliwa wapi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Naila. Walilifanyia mazoezi njia nzima. Lakini aligeuka, akaona midomo ya baba yake ikienda bila sauti, ikiomba maghufira, na macho yameganda juu ya ile karatasi kama anayelitazama kaburi lililoandikwa jina lake.

"Nakonde," alisema.

Kidole cha afisa kilisimama. "Hapa baba yako ameapa ni Tunduma."

"Mimi ndiye niliyemsukuma, mama."

"Nani aliyekufundisha kusema hivyo?"

"Hakuna. Nimemtazama tu."

Afisa alilifunua faili upya tangu ukurasa wa kwanza. Naila alihesabu mapigo ya moyo wake, akayapoteza, akaanza upya.

"Mtoto wa Watanzania akizaliwa ng'ambo hawi mgeni," hatimaye afisa alisema. "Lakini sharti nithibitishe. Kadi ya zahanati ipo?"

"Ipo, mama yangu anayo sandukuni."

"Ilete kabla ya saa nane, kabla mafaili ya leo hayajapelekwa mkoani."

Naila aliinuka. Baba yake naye akainuka, lakini afisa alikuwa amekwishachomoa kile kiapo, akakiweka peke yake katikati ya meza, mbali na karatasi nyingine.

"Wewe keti, mzee. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, hiki utakitolea maelezo." Akanyanyua simu ya mezani.

Naila aliganda mlangoni. "Baba, sikuachi."

"Kalete kadi." Hakugeuka. Kofia yake aliishika mapajani kwa mikono miwili.

"Watakufanya nini?"

"Nimeapa mwenyewe, mwanangu, acha niulizwe mwenyewe. Nenda!"

Akatoka. Hatua tatu tu koridoni, akasikia mlango ukifungwa kwa ndani.