Yunus Alirudi na Maji ya Chini

Kila jioni Chadia akitoka soko la mtaa wa Kikula, alikung'uta magunia yake ya makala, mkaa wa kuuza, na kumwaga chenga ndani ya kisima cha zamani uani. Maji yake hayakunyweka tena, na ukithubutu kumwaga chenga njiani, majirani watakutukana wewe na ukoo wako mzima. Jioni moja alichungulia aone kisima kimejaa kiasi gani, akauona mkono wa mumewe umeganda kwenye makala. Kidole gumba kilichowahi kupondwa na nyundo alikijua. Akamletea kitambaa, akaupangusa.

Yunus alifukiwa shimoni mgodini mwaka uliopita, yeye na Eddy, mtoto wa jirani yao Mado. Kampuni ilileta tingatinga, ikasawazisha udongo, ikasema humo hamkuwa na mtu. Eti hamkuwa na mtu! Na wanawake wamesimama palepale na sahani za bukari, ugali wa wachimbaji, mkononi. Chadia hakudai kitu kingine: alitaka mumewe, hata maiti, amzike.

Basi mvua zikanyesha, na Yunus akaendelea kufika, tabaka juu ya tabaka: bega, sikio, goti. Pamoja naye likaja gamba jeusi, zito. Imamu Matata aliitwa, akainama kisimani, akatikisa kichwa.

"Hajaisha kufika, mama. Hatuwezi kuzika nusu ya muntu. Tungoje."

Wakangoja. Siku mdomo ulipotimia, Yunus aliomba chai. Chadia alilia kwa furaha, kisha akaweka sukari nyingi, kama alivyoipenda.

"Ulipitia wapi, weye?"

"Minye nilikuwa ndani ya maji. Mvua inashuka na pumzi ya huku juu, inayeyusha yote, bantu na majiwe, inatembea nayo mu jiwe ya mchanga. Pale inakuta makala, pumzi inaisha. Inaangusha yote yenye inabeba."

"Na hii nyeusi?"

"Urani. Tulitembea pamoja. Haisemaka sana."

Habari za gamba hazikukaa. Watu wa kampuni walikuja na kimashine kinacholia tik-tik, na mkubwa wao, Adolphe, akamsalimu Yunus vizuri: "Bonjour, papa." Yunus akasogeza kiwiko ili wakwangue gamba. Walipojaza ndoo zao, Adolphe akapiga simu kusema kisimani mna mawe tu.

Chadia alishikwa na hasira, akamwonyesha Yunus kwa kidole. "Na huyu je?"

"Mama, pole. Mu shimo yetu hamukukuwa muntu."

Wakapakia, wakaenda zao. Chadia angewarushia sufuria, lakini Yunus alimwita.

"Uache bale. Uende kwa mama Eddy, umupelekee makala. Eddy iko nyuma yangu. Anakuja polepole, sababu ya muguu yake mubaya."

Chadia hakuchukua chenga. Alijitwisha gunia zima, makala ya mti mgumu aliyokuwa ameyaweka kwa wateja wa mjini, akavuka barabara. Alimkuta Mado anaosha vyombo, akamweleza. Mado alifuta mikono kwenye kitenge, akaomba jembe.

Upande wa mgodini tingatinga zilikuwa zinasawazisha shimo jingine, zikisikika mpaka Kikula. Mado alichimba kisima cha makala mbele ya mlango wake kabisa, Eddy asipate taabu ya kutafuta nyumba.