Nafasi ya Kwanza

Valérie alikuwa na kijicho, na hakuna haja ya kukifunika kwa maneno mazuri. Alikuwa nacho tangu Kharkov, huko Ukraina, ambako yeye na Ngalula walisomea ufamasia, wakilala chumba kimoja na kupikia jiko moja. Profesa akiuliza swali, Ngalula alikuwa ameshajibu wakati Valérie bado anatafuta maneno ya Kirusi. Wivu ulimkaa kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Walirudi nyumbani Kolwezi, mji wa migodi, nao ukarudi naye.

Waliikuta nchi imelegea. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka, mishahara ilikuja ikijisikia, na shahada zao za Kharkov hazikumtisha mtu. Bila mtihani wa kulinganisha shahada, ambao mjini kila mtu aliuita ekivalansi, hawakuruhusiwa kumpa mgonjwa hata dawa ya minyoo. Mtihani ungefanyika Lubumbashi, mwaka ule wa 1993, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa yakienda hakuna aliyeweza kuapa kwamba utakuwepo mwingine. Hospitali iliyokuwa ikiwangoja ilikuwa na nafasi moja tu ya mfamasia.

Basi walisomea sebuleni kwa kina Valérie, wakihamisha dawa zote kutoka Kirusi kwenda Kifaransa. Kharkov walizoezwa kuandika kipimo kwa tarakimu tupu, kwa kuwa huko kila mtu anajua ni gramu. Hapa tarakimu tupu ni kosa la kumwangusha mtu. Ngalula aliyaacha mazoea hayo upesi. Mkono wa Valérie uling'ang'ania ya Kharkov.

"Valérie, ulisahau gramu tena," Ngalula alikuwa akisema, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi. Angekuwa na maringo, angalau angechukika kwa raha.

Mama yake Valérie naye, akileta chai: "Ngalula, mutoto yangu, umufundishe huyu dada yako. Weye Mungu alikupa kichwa."

Valérie alitabasamu kwa meno. Moyoni alitamani birika limponyoke mama yake.

Kisha ikaja fukuza-fukuza. Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai ambao babu zao waliletwa na migodi, waliambiwa warudi kwao, ingawa wengi huko kwao walikuwa hawajawahi kufika. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakipiga filimbi. Jirani aliyeomba chumvi jana alikuja leo kuchagua kochi. Mulumba, baba yake Ngalula, naye Mkasai, akahamia stesheni na jamaa yake yote, chini ya turubai kando ya reli, kungoja treni ya Kasai.

Asubuhi moja Ngalula alikuja amejifunika kitenge kichwani, akapitia nyuma, jikoni. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Valérie, mi sitaki kwenda Kasai mbele ya ekzamen ya ekivalansi. Munilalishe hapa kwenu mupaka ile siku, tutaenda wote Lubumbashi. Kule habafukuze bantu sawa hapa. Uniulizie tata yako."

Valérie alimwangalia, akayaona matokeo yakisomwa: Ngalula wa kwanza, yeye wa pili, kama siku zote, na ile nafasi moja ya hospitali ikienda zake. Aliwaza pia filimbi mlangoni na nyumba kuchomwa kwa kumficha Mkasai. Lakini tuseme kweli: hofu ilikuja nyuma, wivu ulikuwa umeshaketi.

"Ngoja nimuulize," akasema.

Akaingia ndani. Baba yake, tata Mbuyu, alikuwa akitengeneza redio. Aliinua uso, akauliza kuna nini. Valérie akasema hakuna kitu, akanywa maji, akarudi jikoni.

"Tata alikatala. Anaogopa batatuchomea nyumba."

Ngalula hakubisha. Mzee akishakataa kupitia kwa mwanawe, mtoto aliyelelewa hamfuati mlangoni kumbembeleza. Anashukuru na kuondoka. Valérie aliijua adabu hiyo vizuri sana, na ndiyo aliyoitegemea.

"Haizuru. Umuambie tata aksanti," Ngalula alisema. Akamwachia na kitabu chake cha dawa, kwa kuwa Valérie hakuwa na chake.

Valérie alisoma kama aliyepagawa, na, aibu ilioje, alikuwa na raha. Hakuna aliyemsahihisha. Kisha akasikia sokoni kwamba kule stesheni Ngalula anawachanganyia watoto wanaohara maji ya chumvi na sukari, na umati mzima unamwita daktari bila kumwuliza ekivalansi. Mtu amefukuzwa, analala juu ya kokoto za reli, na bado anatangulia! Valérie alisonya, akarudi kitabuni.

Jumapili, baada ya misa, tata Mbuyu alijitwika unga akaenda stesheni kumuaga Mulumba, mwenzake wa zamani mgodini. Alirudi jioni, akaketi bila kuvua kofia.

"Niliona Ngalula," akasema. "Alipiga magoti mu vumbi, akaniomba samahani."

"Samahani ya nini?" mama akashangaa.

"Ya kunitia mu shida. Alisema, tata, sikukasirika, minajua ulikatala nilale kwako juu ya kuchunga batoto bako."

Mama aligeuka polepole kumtazama Valérie.

"Na weye ulimujibu nini?" akamuuliza mumewe.

"Baba yake alikuwa pale, anaangalia chini. Ningesema nini, mutoto yangu ni muongo?" Tata Mbuyu alijipangusa uso. "Nilisema ndiyo, nilikatala. Kisha treni ikaingia, nikabasaidia kupandisha mizigo, bakaenda."

Valérie alikuwa na kitabu magotini. Alingoja kofi; angelishukuru. Tata Mbuyu alivua kofia, akaiweka mezani, akamwambia binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Soma, mama. Sasa hakuna wa kukupita."