Barua ya Mtu Aliyelalamika

Mwaka 2003 Eunike Mlay alikuwa na miaka thelathini na minne, na kwa miaka tisa alikuwa ofisa uhusiano wa kiwanda kimoja cha maziwa mjini Moshi. Alianza kazi kiwanda kikiwa cha serikali, akabaki kiliponunuliwa na mtu binafsi. Cheti cha taaluma hakuwa nacho. Chama cha maofisa uhusiano kilipotangaza usaili wa ithibati kwa watu wa kaskazini, alijaza fomu siku hiyohiyo. Kipengele cha mwisho ndicho kilichomkwamisha: alete barua ya mtu aliyewahi kuilalamikia taasisi yake hadharani.

"Tafuta diwani yeyote," alimshauri Praygod, mwenzake wa idara ya masoko. "Hakuna diwani asiyelalamika."

Eunike alicheka, lakini alikwishamjua mtu wake. Jumamosi akapanda Marangu.

Mama Salvina, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji, alikuwa akiwakatia ng'ombe migomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mmeharibu nini?"

Eunike akaeleza shida yake. Mama Salvina alimsikiliza mpaka mwisho, akaegesha panga ukutani, akaingia ndani. Eunike aliletewa bakuli la mtori wa ndizi, akalimaliza, akaletewa la pili. Ndipo mwenyeji wake akatoka na karatasi iliyochanwa kwenye daftari.

"Soma kabla hujaondoka," alisema, "usije ukadhani nimekusengenya."

Barua ilisema: *Huyu binti alitudanganya kuhusu umeme mwezi wa tatu mwaka juzi. Baada ya siku tano akarudi peke yake, akasema ukweli mbele ya akina mama thelathini. Tulimsema sana. Alikaa mpaka tukamaliza. Tangu siku hiyo akituambia jambo hatutumi mtu mjini kuhakikisha.*

Uso wa Eunike uliwaka. Mwezi ule mtambo wa kupozea maziwa uliharibika kwa kukosa matengenezo, kiwanda kikakataa maziwa ya watu, na meneja akamwagiza aseme umeme umekatika. Alipowaambia akina mama hivyo, Mama Salvina alisimama mkutanoni akauliza mbona taa ya ofisi ya kijiji inawaka.

"Mama, hapa pa kudanganya..."

"Nimeongopa?"

"Hapana."

"Haya, kunywa mtori, unapoa."

Jumatatu Praygod aliisoma barua mara mbili. "Ukipeleka hii umejimaliza," akasema. Eunike aliiweka kwenye droo siku mbili. Ya tatu akaona kuwa diwani angemsifia mtu mwingine kabisa, mtu asiyekuwapo. Akaitia kwenye bahasha pamoja na fomu.

Usaili ulifanyika katika ukumbi wa hoteli, karibu na hospitali ya Mawenzi. Wasaili walikuwa watatu kutoka Dar es Salaam, na mwenyekiti wao, Bwana Ebenezeri, alikuwa ameishika barua ile.

"Uliisoma kabla ya kuileta?"

"Niliisoma."

"Nani alikutuma urudi Marangu kusema ukweli?"

"Hakuna. Nilikuwa sipati usingizi."

"Na meneja wako?"

"Alininunia wiki nzima. Kisha akaagiza kipuri."

Msaili mmoja aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Bwana Ebenezeri hakukificha chake. Alicheka mpaka akavua miwani. "Tumesoma barua nyingi wiki hii," alisema. "Zote zinasifu. Hii ndiyo ya kwanza niliyoiamini." Baada ya hapo wakamhoji saa nzima juu ya sheria, magazeti na mipango ya mawasiliano, naye akajibu yote.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu: amepewa ithibati. Eunike alipanda tena Marangu kuwaambia akina mama. Walipiga vigelegele, wakaipitisha karatasi ya majibu mkono kwa mkono, kisha Mama Salvina akauliza, "Kwa hiyo sasa wewe ni msemaji mwenye cheti?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Binti yangu Kindness anaolewa Oktoba na hatuna mshereheshaji."

Eunike alieleza kwa upole kwamba kazi ya uhusiano wa umma na kusherehesha harusi ni vitu viwili tofauti. Akina mama walimsikiliza kwa adabu, wakatikisa vichwa kukubali, kisha wakamuuliza atavaa sare ya rangi gani.

Akasherehesha. Vichekesho vyake havikumchekesha mtu, ila wazee walisema hawajawahi kuona harusi iliyofuata ratiba namna ile.