Vimelea vya Fortunato

Casimira alimwinua panya mweupe kwa mkia, akampakata kiganjani huku mkono wa pili ukibadilisha vumbi la mbao. Kizimba hiki hakumwachia mtu mwingine. Ndani ya panya hao viliishi vimelea vilivyotolewa katika damu ya mumewe Fortunato miaka tisa iliyopita, kabla moyo wake haujatanuka ukamshinda. Fortunato alizikwa kijijini. Vimelea vyake vilihamishwa toka panya hadi panya katika maabara hii ya mjini Cochabamba, na Casimira ndiye aliyewalisha panya hao.

Naye alikuwa na vimelea. Wote wawili waliumwa na vinchuka, mdudu mnyonya damu anayeambukiza vimelea hivyo na kujificha katika nyufa za kuta za udongo. Dawa aliikataa kila mwaka. Alihisi damu yake ni chumba ambamo mumewe bado anatembea, taratibu, bila viatu.

Asubuhi hiyo Daktari Ximena alivuta kiti. "Mama, majibu yako yametoka. Nimelinganisha vimelea vyako na vya mzee."

"Ni vilevile. Hilo halihitaji mashine."

"Si vilevile, mama. Vyako ni aina nyingine kabisa."

"Tulilala kitanda kimoja, binti yangu."

"Kitanda kimoja, wadudu wengi. Halafu miili nayo haifanani. Wake ulipigana kwa hasira mpaka ukauumiza moyo wenyewe. Wako umevibana kimyakimya. Mpaka leo."

"Mpaka leo," Casimira alirudia. Panya alikuwa akimnusa kidole gumba. "Kumbe niliyekuwa naye miaka yote hii ni mgeni tu."

"Mgeni siku mbili, mama."

"Ya tatu mpe jembe. Huyu amekaa mwilini mwangu miaka thelathini na jembe hajalishika."

Walicheka. Kisha Casimira akajifuta macho kwa ukingo wa aproni, akamrudisha panya kizimbani.

"Hiyo dawa yako ni ya siku ngapi?"

"Sitini. Ngozi itakuwasha."

"Iwashe."

Kesho yake alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, akajimiminia api, uji mwepesi wa mahindi ya zambarau, ukiwa moto. Alimeza kidonge cha kwanza. Mwanga wa jua la asubuhi ulikuwa ukiteremka polepole kutoka vilimani, paa kwa paa. Casimira aliweka kiganja kifuani, akatulia, akisikiliza. Ng'ambo ya ukuta, jirani alikuwa akifagia ua.